Nyumba Yenye Eda

Dalali alitaka mjane atolewe kwanza, ndipo rangi ipakwe. Hakusema hivyo waziwazi. Brighton alikuwa kijana mwenye ulimi laini, aliyezoea kuwauzia nyumba watumishi wa serikali wanaohamia Dodoma na familia zao. Alisimama katikati ya sebule, mikono mfukoni, akaongea kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka nyuma ya pazia la chumbani.

"Mzee Hassani, mimi naongea kibiashara tu. Nyumba ni nzuri, haina mgogoro, karatasi zote zipo. Ila mteja akifungua mlango wa masta akamkuta mama kakaa mkekani na nguo zake zile, biashara imeisha hapohapo. Watu wanaogopa nyumba yenye msiba. Mama angepelekwa Kondoa, hata wiki mbili. Akapumzike."

Nyuma ya pazia, Mwamvua aliacha kuchambua mchele. Ilikuwa siku ya tisini ya eda yake ya miezi minne na siku kumi. Tangu mumewe Habibu azikwe mwezi wa kwanza, hakuwa amevuka geti, hakuwa amejipaka manukato wala wanja, na hereni zake zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa chini ya mto. Mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hakumwona. Hata Hassani, mdogo wake marehemu, muuza nafaka wa Majengo ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akila ugali wake kila Ijumaa, sasa alizungumza naye kupitia pazia lile.

"Shemeji," Hassani aliita, "umemsikia?"

"Nimemsikia. Nilichokatazwa ni kutoka, sikukatazwa kusikia."

"Anaomba tu, shemeji. Halazimishi."

"Basi na mimi namjibu tu. Nimebakiza siku arobaini. Nitazimalizia hapa alipoondokea mume wangu. Nyumba uzeni, sikukataa. Lakini mimi si sofa la kusogezwa ili chumba kionekane kikubwa."

Brighton akacheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka.

Ni kweli hakukataa. Siku ya arobaini ya msiba ukoo ulikaa, wakakubaliana nyumba iuzwe na kila mrithi apate fungu lake. Warithi walikuwa watatu: yeye, binti yake Asma, na Yahaya, mtoto wa Habibu kwa mke wa kwanza. Mahakama ilimpa Hassani usimamizi wa mirathi. Yahaya alikuwa ameona mashine ya kukamulia alizeti inauzwa Kondoa mjini, na mwenye mashine alimpa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mwamvua hakumlaumu. Kijana wa miaka thelathini na mbili, ana watoto wawili, ataishi kwa kungoja mpaka lini? Yeye na Asma wangeunganisha mafungu yao, wakatafute vyumba viwili huko Nala, pembezoni mwa mji.

Alichokitaka ni kimoja: atoke humo kwa miguu yake, siku yake ikifika.

Sebuleni walinong'ona kwa muda. Kisha Brighton akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata dawa, "Sawa. Mama abaki. Mlango tutaufunga. Mteja akiuliza, tutasema kuna shangazi anaumwa, kalala."

Mwamvua alimsubiri Hassani aseme neno. Hassani alikohoa, akasema, "Hiyo nayo si mbaya."

* * *

Kama nyumba ni ya kuuzwa, basi itauzwa ikiwa safi. Hilo Mwamvua alilichukua mwenyewe, bila kutumwa na dalali.

Maji ya Dodoma yana chumvi, na miaka kumi na tisa ya chumvi ilikuwa imeganda kwenye mabomba na sinki kama ukoko wa uji. Alikwangua kwa ndimu na majivu, bomba moja baada ya jingine, mpaka chuma kikamwonyesha uso wake. Alisugua fremu za madirisha kwa mswaki wa zamani. Alifua mapazia yote isipokuwa lile lake la mlangoni, maana hilo lilikuwa kazini. Asma aliporudi kutoka kwenye duka la vifaa vya ofisi alikoajiriwa, alimkuta mama yake amepiga magoti koridoni, anang'arisha sakafu kwa kitambaa.

"Mama, umefunga leo, na bado unasugua?"

"Kufunga kunazuia mikono?"

"Wanunuzi wenyewe watakuja na viatu."

"Waje navyo. Wataona pa kuvivua."

Asma akavua vyake, akachukua kitambaa cha pili.

Brighton alikuja na orodha yake. Picha ya Habibu, aliyopigwa amesimama juu ya jukwaa la fito na mwiko wa uashi mkononi, ilitolewa ukutani, kwa sababu picha ya marehemu inamtazama mteja. Majamvi ya msiba yalirundikwa stoo. Mzabibu wa uani ulipunguzwa ili uwanja uonekane. Mwishowe kijana akatoa kopo la marashi ya chumbani, akapuliza sebule nzima na korido, mpaka harufu ya waridi la dukani ikapenya chini ya pazia na kumfikia mjane aliyekaa siku tisini bila hata tone la manukato mwilini.

"Asma," aliita taratibu, "fungua madirisha yote. Hayo marashi hayakuniomba ruhusa."

Jumatano akaja Fredy, fundi wa rangi kutoka gereji moja ya Kizota, mtaani kwao, na ndoo mbili za rangi ya maji na galoni la rangi ya mafuta ya kahawia. Hapo ndipo kosa lilipofanyika.

Nyumba ile Habibu aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa mwashi, na aliijua ardhi ya Kizota. Mvua zikinyesha, chumvi ya udongo hupanda ukutani kutoka chini, ikala plasta, ikabambua rangi. Kila mtaa una ukuta wa namna hiyo. Wengi huufunika kwa rangi ya mafuta, ukapendeza kwa siku chache. Habibu alifanya vingine. Kila mwaka mvua zikielekea ukingoni, alikwangua plasta yote ya chini, kimo cha goti, kuzunguka nyumba nzima ndani na nje, akauacha ukuta mtupu upumue. Mwezi wa saba ukishakauka ndipo alipiga plasta mpya na chokaa. Kwa miezi mitatu ya kila mwaka nyumba yao ilionekana kama mtu aliyekunja suruali avuke tope, na wageni walidhani fundi kaishiwa saruji. Matofali yake yalikuwa mazima kama siku yalipopangwa.

Mwaka huu mkono wa kukwangua haukuwepo. Mwamvua na Asma walikwangua wenyewe kwa patasi za marehemu mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, nje wakifanya jioni watu wakipungua, na ukuta ulikuwa bado mtupu, bado na unyevu.

Alimwita Yahaya chumbani. Yahaya, kwa kuwa mtoto wa mumewe, aliruhusiwa kuingia. Alikaa ukingoni mwa kiti, simu mkononi.

"Mwambie fundi asiguse pale chini. Ukuta bado unakunywa. Baba yako hakuwahi kuufunga kabla ya mwezi wa saba."

"Mama mdogo, mnunuzi hawezi kusubiri mwezi wa saba. Anakuja Ijumaa. Akiona matofali yako nje, atafikiri nyumba inaanguka."

"Aambiwe ukweli."

"Nani atamwambia? Brighton? Ukweli wa Brighton unaanzia milioni sabini." Alitabasamu, kisha akainamisha kichwa. "Najua baba alifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilimchanganyia hiyo chokaa nikiwa darasa la sita. Lakini ile mashine, mama mdogo. Mwenyewe ana mteja mwingine."

Mwamvua alimtazama. Alikuwa na paji la uso la baba yake, lile la kukunjamana katikati akiwa anaomba kitu.

"Mimi nimesema," alimwambia. "Umesikia, na shahidi yuko ukutani."

Siku ile ile Fredy alipiga plasta nyepesi, akaikausha kwa moto wa karatasi za mifuko ya saruji, na Alhamisi akapaka rangi ya kahawia kuzunguka nyumba nzima; zamu ya chumba cha Mwamvua ilipofika, Mwamvua alihamia kwa muda chumbani kwa Asma. Ilipendeza kweli. Hassani alikuja kuitazama akasema marehemu angefurahi. Upande wa pili wa pazia, Mwamvua aliendelea kupiga pasi.

* * *

Mnunuzi hakuja Ijumaa. Alikuwa na kikao. Alikuja Jumanne, na katika siku zile nne za katikati ilinyesha mvua moja ya mwisho, kubwa, iliyopiga mabati usiku kucha.

Asubuhi ya Jumanne Asma aliingia chumbani bila viatu. "Mama. Ukuta umetoa malengelenge."

Kuanzia sebuleni mpaka mwisho wa korido, rangi ya mafuta ilikuwa imevimba. Vipovu vilikuwa vya ukubwa wa yai, vingine vya ukubwa wa sahani, na pale vilipopasuka ulitoka unga mweupe ukamwagika sakafuni. Sakafu ile ile.

Brighton alifika akiwa mbio. Akaburuta kabati la vyombo likaziba upande mmoja, sofa likaziba wa pili, na kwenye korido akasimamisha mkeka ulioviringishwa. Hassani na Yahaya walikuwa wameshafika, na Brighton alikuwa bado anahema gari liliposimama getini.

Mnunuzi, Mama Wambura, aliingia peke yake. Evarista Wambura alikuwa mhasibu katika wizara moja, mwanamke wa Musoma wa miaka hamsini na kitu, mrefu, miwani kwenye kamba shingoni na futi ya kupimia mkononi. Mwamvua hakumwona. Alizisikia hatua zake: zilikuwa nzito, hazina haraka, na zilisimama kila mahali ambapo Brighton alitaka zipite.

"Mabomba haya mapya?"

"Mapya kabisa, bosi," Brighton alisema.

"Si mapya. Yametunzwa." Hatua mbili. "Na hili sofa, kwa nini limekaa katikati ya njia?"

"Ni mpangilio wa kisasa."

Sofa likasukumwa, likakwaruza sakafu. Ikafuata sauti ndogo, kama ya mtu anayepasua ganda la karanga. Kilikuwa kidole cha Mama Wambura kikiingia kwenye povu la rangi. Unga ulisikika ukimwagika.

"Hii ni nini?"

"Kuna mtoto alimwaga maji," Brighton alisema.

"Kuzunguka nyumba nzima?" Alisogeza mkeka wa koridoni, akasogeza kabati kwa bega lake mwenyewe. "Mzee, wewe ndiye msimamizi. Nijibu wewe."

Hassani, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, anayeheshimika Majengo nzima kwa kipimo chake cha haki, alisema, "Ni... ni hali ya hewa, mama." Mwamvua alifumba macho. Kumsikia yeye akisema hivyo kulimuuma kuliko kile kisa cha shangazi.

"Nilikuja na milioni sabini kichwani," Mama Wambura alisema. "Nyumba ya kufichwafichwa namna hii siichukui zaidi ya sitini. Na humu ndani kuna nini?"

"Humo kuna shangazi anaumwa," Brighton alisema haraka. "Kalala."

Mwamvua alisimama. Alinyoosha khanga yake kichwani, akasogea hatua moja kutoka kwenye pazia.

"Siumwi," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mimi ni mke wa aliyeijenga nyumba hii, nimekaa eda. Mama, hodi yako nimeisikia tangu getini. Karibu ndani, wewe peke yako. Wanaume wabaki hukohuko."

* * *

Mama Wambura alisita mlangoni, akavua viatu, akaingia. Chumba kilikuwa kitupu na safi: kitanda kilichotandikwa, mkeka, msahafu juu ya rafu, patasi mbili zimeegemezwa pembeni.

"Pole sana, mama. Sikuambiwa. Ningejua nisingeingia na sauti kama ya mnadani."

"Asante. Nimeshapoa. Kaa." Mwamvua alimpa kiti, yeye akakaa mkekani. "Ule ukuta nitakueleza mimi, maana hao wanaume wote wanaujua lakini leo wamesahau."

Akamweleza. Alieleza chumvi inavyopanda, na kwamba Habibu alikuwa akikwangua na kungoja, na kwa nini matofali ni mazima. Alichukua patasi, akaenda kwenye ukuta wa chumba hicho hicho, akabambua ile kahawia ya Fredy mpaka likatokea tofali. Akaligonga. Lililia kama kengele.

"Gonga na wewe."

Mama Wambura akainama, akagonga, akasikiliza. "Kwa hiyo nikinunua, kila mwaka nikwangue?"

"Kila mwaka, baada ya mvua. Hakuna nyumba mtaa huu isiyotaka kukwanguliwa. Nyingine hukwanguliwa, nyingine hupakwa. Na tangi la chini la uani lina lita elfu kumi, alilichimba kwenye mwamba miezi mitano. Maji hapa yanatoka mara mbili kwa wiki. Dalali akikuambia kila siku, usimwamini."

"Ameshaniambia kila siku."

"Ndiyo nikasema."

Mama Wambura akacheka, akavaa miwani. Sasa alikuwa mhasibu. "Sawa. Sitini na tatu."

"Saba umezikata kwa nini?"

"Ukuta. Na kungoja. Naona hutoki leo."

"Natoka eda ikiisha. Kuanzia leo zimebaki siku thelathini na tatu. Ukuta toa milioni mbili, hiyo ni chokaa na fundi kwa miaka, sikatai. Kungoja hakuna bei. Sikuweka mimi zile siku, na mume wangu hakujenga hapa ili nizinunue."

"Mama, mkataba wangu wa kupanga kule Ipagala unaisha mwisho wa mwezi. Nikikungoja wewe, nalipa kodi mwezi mwingine. Laki tatu. Hizo ni pesa zangu, si maneno."

Mwamvua aliirudisha patasi pembeni. Lile lilikuwa haki.

"Hiyo laki tatu itoke kwenye fungu langu," alisema. "Fungu langu, siyo la watoto. Milioni sitini na nane, na laki tatu nitakurudishia mimi mwenyewe."

Alifikiri mwanamke yule angesema hapana, mama, acha tu, kwa ile sauti ya huruma ambayo watu walikuwa wakimletea pamoja na sukari na mchele tangu mwezi wa kwanza. Mama Wambura alitoa kalamu, akaandika.

"Sitini na nane. Laki tatu zako. Tumekubaliana."

Mwamvua akampenda kwa hilo.

* * *

Sebuleni Mama Wambura alitaja bei, na kwamba nusu ataweka benki kwa jina la mirathi wiki hiyo, nusu siku ya kukabidhiwa. Brighton alianza kueleza alivyojua tangu mwanzo kwamba mambo yataenda vizuri. Hakuna aliyemsikiliza.

Yahaya alifunua pazia, akaingia. Uso wake ulikuwa umewiva.

"Milioni mbili, mama mdogo. Kwa mdomo tu. Ungekaa kimya..."

"Ningekaa kimya ingekuwa sitini. Umesahau kusikiliza ulipokuwa pale?" Aliongea bila kupandisha sauti. "Nusu inaingia wiki hii. Baba yako mdogo atakutangulizia fungu lako, mashine yako utaipata. Lakini angalia hapa."

Alimwonyesha tofali lililotoka. Yahaya alichuchumaa. Alilipitishia kiganja, taratibu, akabaki amelishika kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Halijalika hata kidogo," alisema.

"Miaka kumi na tisa."

Yahaya aliiacha habari ya milioni mbili. Alichukua patasi ya pili, akaanza kuibambua ile kahawia kuanzia kona ya mlango.

Nje ya pazia Hassani alijikohoza. "Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Mimi leo nimesema hali ya hewa." Alisogea karibu na pazia. "Niwie radhi."

"Ijumaa uje ule. Asma atapika."

Mama Wambura alikuwa anavaa viatu koridoni. "Jumamosi nitamtuma fundi wangu apime madirisha, nianze kushonesha mapazia. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda kwenye kazi zake."

"Hakuna tabu, bosi," Brighton alisema. "Nitamfungulia mwenyewe. Mzee alinipa funguo za akiba."

"Brighton," Mwamvua aliita.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. Kijana akageukia pazia. "Naam, mama."

"Funguo ziache mezani. Na wewe, Mama Wambura, fundi wako aje saa nne, tukishamaliza kazi zetu za asubuhi. Abishe hodi getini, angoje aitwe karibu."

"Saa nne," Mama Wambura alisema. "Nitamwambia abishe."

Hatua zake nzito zikapotelea uani. Ikasikika sauti ya Brighton akipekua mifuko. Kisha funguo zikasikika zikiwekwa juu ya meza ya sebuleni, mmoja mmoja, na Mwamvua, aliyesimama nyuma ya pazia na vumbi jeupe la ukuta mikononi, akazihesabu mpaka zikatimia zote sita.